Ngoma za Mashindano na Ushabiki wa Siasa katika Miji ya Pwani

Watu wengi hutazama siasa kama watazamavyo mpira. Huchagua upande mapema, aghalabu kabla ya kujua upande huo wataka kutenda nini. Hushangilia ushindi kana kwamba ni wao walioupata, na huomboleza kushindwa kana kwamba ni msiba wa nyumbani. Kisha siku ya pili hurejea kazini pasipo kuuliza ni sheria gani iliyopitishwa, ni kodi gani iliyoongezwa, wala ni shamba la nani lililopewa nani. Tabia hii hulaumiwa sana, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini lawama si maelezo. Mwenye kutaka kuifahamu tabia hii hana budi kuuliza imetoka wapi, imelelewa na nini, na kwa nini mahali pengine imekuwa furaha tu na mahali pengine imekuwa damu. Pwani ya Afrika ya Mashariki ina ushahidi mwingi juu ya jambo hili, maana miji yake iliyajua mashindano ya pande mbili zamani kabla ya kuyajua masanduku ya kura.

Kwanza yafaa isemwe kwamba tabia hii si ya pwani peke yake, wala si ya zama hizi peke yake. Mfano wake mashuhuri ni mji wa Constantinople, ambao sasa huitwa Istanbul. Katika karne ya 6 mji ule ulikuwa na uwanja mkubwa wa mashindano ya magari ya farasi, na watazamaji wake waligawanyika kwa rangi: Buluu na Kijani. Uwanja huo ndio mahali ambapo mfalme alionekana na raia zake, na ndipo raia walipoweza kumpigia kelele wakamwambia haja zao. Mwezi wa Januari 532 wafuasi wachache wa rangi zote mbili walihukumiwa kunyongwa kwa sababu ya ghasia. Rangi zilizokuwa adui ziliungana kuwaombea msamaha, na maombi yalipokataliwa zikauteketeza mji kwa moto chini ya neno moja, *nika*, maana yake «shinda». Mfalme Justinian alikaribia kukimbia. Mwisho wake askari waliingia uwanjani na kuua watu ambao mwandishi wa zama zile, Procopius, aliwahesabu kuwa kiasi cha 30,000.

Wanahistoria wa zamani walidhani kuwa Buluu walikuwa chama cha wakuu na Kijani chama cha wafanya biashara, na kwamba nyuma ya kila rangi palikuwa na madhehebu yake ya dini. Mwaka 1976 Alan Cameron aliipinga fikira hiyo kwa hoja nzito: rangi zile, alisema, hazikuwa vyama vya siasa vilivyojificha katika mchezo, zilikuwa makundi ya wapenzi wa mchezo, basi. Hoja hiyo ina somo kubwa kuliko ile iliyokanushwa. Kama Cameron yu sahihi, watu wanaweza kuchukiana, kuuana na kuchoma mji pasipo kuwa na jambo lo lote la kutofautiana ila rangi waliyoichagua. Ushabiki hauhitaji itikadi ili uwe mkali. Wahitaji pande mbili, uwanja mmoja, na watu wasio na njia nyingine ya kusikilizwa.

Ushuhuda wa maneno

Lugha yenyewe imehifadhi kumbukumbu za jambo hili. Neno «siasa» ni la Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kulea na kuongoza farasi. Kutoka mzizi huo huo lilipatikana neno «saisi», yaani mtunza farasi. Katika Kiswahili cha zamani, kufanya jambo «kwa siasa» kulikuwa na maana ya kulifanya kwa upole, kwa kiasi na kwa uangalifu, kama afanyavyo mtu ashikaye hatamu za mnyama mwenye nguvu. Maana hiyo haijafa, walakini imefunikwa. Mtu asikiapo leo kwamba fulani «ameingia katika siasa» hamfikirii mlezi wa farasi, bali mpanda farasi katika mashindano.

Neno «kura» nalo lina habari yake. Asili yake ni kitu kinachotupwa ili bahati iamue baina ya watu: nani apate fungu hili, nani atangulie. Kupiga kura kulikuwa kuiachia bahati hukumu. Uchaguzi ulipokuja, neno la bahati ndilo lililochukuliwa kutaja tendo ambalo lilitakiwa liwe kinyume cha bahati, yaani hukumu ya akili. Na neno «chama» lilitumika kwa umoja wa watu wa ngoma, wa kazi, wa kuzikana na wa kusaidiana muda mrefu kabla ya kutumika kwa TANU au Afro-Shirazi. Si kwamba maneno huwatawala watu. Lakini watu wapatapo jambo jipya hulivika nguo walizo nazo sandukuni, na nguo zilizokuwa sandukuni pwani zilikuwa za ngoma, za bahati na za mashindano.

Miji yenye pande mbili

Miji mingi ya pwani ilijengeka kwa pande mbili. Mombasa ilikuwa na Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Lamu ilikuwa na makundi ya Zena na Suudi mwanzoni mwa karne ya 19, na baadaye mitaa yake miwili, Mkomani na Langoni, ikashika nafasi ya ushindani huo. Mji na mji nao walishindana: kabla ya vita vya Shela washairi wa Mombasa na wa Lamu, miongoni mwao Muyaka bin Haji na Bwana Zahidi Mgumi, walitupiana mashairi ya kejeli na vitisho kama mishale. Katika kisiwa cha Unguja, watu wa Makunduchi huusherehekea mwaka wa jua kwa Mwaka Kogwa, ambapo pande mbili za mji hupigana kwa mikungu ya migomba, na vita vikiisha watu hula pamoja na kuingia mwaka mpya.

Desturi hizi zina sheria moja iliyo kubwa kuliko zote: kila mashindano yana mwisho, na baada ya mwisho watu ni wale wale. Aliyepigwa kwa kungu la mgomba asubuhi huwa mgeni wa aliyempiga jioni. Mke hutoka upande mmoja na mume upande wa pili. Ushindani ulikuwa njia ya kupimana hadhi baina ya watu waliokubali kwamba wataendelea kuishi pamoja. Chuki ilikuwapo, na mara nyingine damu pia. Lakini mzozo ulijengewa ua, na ua ule ulijulikana na wote.

Beni

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 ngoma mpya ilizuka Mombasa na Lamu, nayo ikaitwa beni, kutokana na bendi za Wazungu. Wachezaji wake waliiga gwaride, tarumbeta, sare na vyeo. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyetoa kitabu juu ya ngoma hii mwaka 1975, alionyesha jinsi ilivyofuata reli, bandari na kambi za askari, na jinsi Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilivyoitawanya kutoka pwani hata Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo, ikichukuliwa na askari na wapagazi. Katika Tanganyika makundi yake makubwa yalikuwa mawili, Marini na Arinoti. Aghalabu Marini walijidai kuwa watu wa hadhi, makarani na askari wenye vyeo, na Arinoti wakawa wengi zaidi miongoni mwa watu wa kazi za mikono. Palipokuwa na Marini palitafutwa Arinoti, maana beni ya upande mmoja haikuwa beni.

Jambo la kuangaliwa hapa ni namna makundi haya yalivyopangwa. Kila kundi lilikuwa na wakubwa wake, wanaume kwa wanawake: mfalme, majenerali, makapteni, wahazini na malkia. Wanachama walitoa michango. Mwenzao akiugua walimtazama, akifa walimzika, na mgeni akifika mji asioujua aliwatafuta watu wa beni yake wakampokea. Mwanachama hakuwa mtazamaji. Alishona sare yake, alijifunza hatua za gwaride, alitoa fedha yake na sauti yake, na siku ya mashindano alikuwa ndani ya uwanja, si pembeni. Mashindano ya gharama katika miji mingine yalifikia hata watu kukopa ili kundi lao lisiaibike kwa chakula au kwa nguo. Upumbavu wa gharama hiyo ulilaumiwa na mashehe na wamisionari vile vile; lakini ulikuwa upumbavu wa watu waliolipa wenyewe.

Serikali za kikoloni zilibabaika mbele ya beni. Baada ya vita, maofisa wa Kiingereza waliogopa kwamba makundi yenye matawi kutoka bandari hata maziwa, yenye barua na vyeo, yangeweza kuwa mwanzo wa uasi. Walipochunguza, wengi wao waliridhika kuwa ni mchezo. Wote wawili, mwoga na mwenye kuridhika, walikosea kwa njia moja: walidhani kwamba jambo haliwezi kuwa mchezo na kuwa mazoezi ya utawala kwa wakati mmoja. Watu walionyimwa kila cheo cha kweli walijigawia vyeo vya ngoma. Walionyimwa baraza walifanya baraza zao usiku, wakagombana juu ya hesabu, wakachagua, wakauzulu. Hapo pana sababu ya kwanza ya ushabiki katika siasa za baadaye. Kwa muda wa miaka 60 au zaidi mashindano ya heshima ndiyo yaliyokuwa siasa pekee iliyoruhusiwa kwa watu wengi wa miji. Uamuzi juu ya ardhi, kodi na kazi ulikuwa mahali pengine, nyuma ya milango iliyofungwa.

Kutoka ngoma hata chama

Wanawake walikuwa na makundi yao. Mombasa ilikuwa na lelemama, na katika miaka ya katikati ya karne ya 20 makundi yake mashuhuri yalikuwa Ibinaal Watan na Banu Saada, yaliyoshindana kwa nyimbo, kwa maandamano na kwa karamu. Dar es Salaam ilikuwa na makundi mengi ya ngoma, na katika mojawapo, liitwalo Bomba, mwimbaji wake kiongozi alikuwa Bibi Titi Mohamed.

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1955 Bibi Titi aliingia kazini kuwaandikisha wanawake, na njia aliyoipita ilikuwa ile aliyoijua: aliwaendea viongozi wa makundi ya ngoma, nao wakawaita watu wao. Maelfu ya wanawake waliingia chama katika muda wa miezi michache, ilhali wasomi wa chama walikuwa bado wanatafuta namna ya kuwafikia. Susan Geiger, aliyekusanya habari za maisha ya wanawake hao, alionyesha kwamba hawakuwa umati uliochukuliwa tu na sauti nzuri. Walileta ustadi wa kukusanya michango, kupeleka habari nyumba hata nyumba, kuficha kadi, kulisha wageni na kuunganisha watu wa makabila mbalimbali, ustadi walioupata katika ngoma.

Habari hii yaonyesha kwamba asili ya ngoma haikuwa yenyewe maradhi. Kile kile kilichoweza kuzaa ushabiki kiliweza kuzaa uanachama. Tofauti ilikuwa katika kazi. Mwanamke aliyetembea jua kali kuuza kadi alikuwa na haki ya kuuliza kadi ile imeleta nini. Aliyesimama uwanjani akapiga vigelegele, akaenda zake, hakuwa na la kuuliza ila nani ameshinda.

Ushahidi mwingine watoka Tabora. Mwezi wa Januari 1958 mkutano wa TANU ulikuwa na jambo gumu mbele yake. Uchaguzi uliokuja ulimlazimisha kila mpiga kura kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Kwa hesabu ya ushabiki, sheria hiyo ilikuwa tusi, na jibu la tusi ni kususa. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki, na chama kikawaunga mkono watu wa rangi zote tatu waliokubaliana na shabaha yake. Katika chaguzi za 1958 na 1959 watu waliopewa msaada na TANU walishinda. Mpiga kura wa kawaida alitakiwa afanye jambo ambalo shabiki hawezi: ampe kura mtu asiyefanana naye, kwa sababu ya jambo linalotakiwa litendeke. Alilifanya. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba watu wa pwani na bara hawakuwa na uwezo wa kuyapima mambo. Walipoelezwa jambo na kupewa kazi ndani yake, walilipima.

Unguja na Pemba, 1957 hadi 1964

Visiwani mambo yalikwenda njia nyingine, na hapa ndipo penye uzito wote wa habari hii. Uchaguzi wa kwanza ulifanywa Julai 1957 kwa viti 6, na wapiga kura walikuwa wanaume tu. Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, haikupata hata kiti kimoja, na katika Ng'ambo Sheikh Abeid Amani Karume alimshinda kiongozi wake, Sheikh Ali Muhsin, kwa tofauti kubwa. Ushindi ule ulipokewa kama ushindi wa mashindano, kwa nyimbo na maandamano. Lakini tofauti na ngoma, mwenye kushindwa hapa alikuwa na kitu mkononi cha kulipia. Baadhi ya wenye mashamba waliwafukuza maskwota waliokuwa wakilima chini ya mikarafuu yao, kwa sababu ya kura walizozipiga. Upande wa pili ulijibu kwa kususia maduka. Watu waliacha kupanda mabasi ya upande mwingine, waliacha kununua kwa jirani, na hata misiba na arusi ziligawanyika kwa vyama. Magazeti yaliwasha moto zaidi: Mwongozi upande wa Hizbu na Afrika Kwetu upande wa Afro-Shirazi yalirushiana maneno ambayo mwanahistoria Jonathon Glassman ameonyesha jinsi yalivyogeuka kutoka kejeli hata kuwa mafundisho ya utengano wa nasaba. Mwezi wa Septemba 1958 viongozi wa nchi jirani waliokutana Mwanza wakaunda PAFMECA, nao walijaribu kuwapatanisha. Suluhu ilidumu kitambo tu.

Januari 1961 palikuwa na viti 22. Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu 9, na Zanzibar and Pemba People's Party 3. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Wajumbe watatu wa chama kidogo wakagawanyika, wawili upande huu na mmoja upande ule, na baraza likawa 11 kwa 11. Ni hesabu ambayo mshairi wa mashindano angeibuni akachekwa kwa kutia chumvi. Serikali haikuweza kuundwa. Kiti kimoja kikaongezwa, na watu wakaitwa tena vituoni baada ya miezi mitano, kama timu ziitwavyo kurudia mchezo uliokwenda sare. Tarehe 1 Juni 1961 Afro-Shirazi na Hizbu walipata viti 10 kila mmoja, na chama cha tatu, kwa viti vyake 3, kikaungana na Hizbu kuwa serikali. Siku ile ile ghasia zilianza mjini, zikaenea mashamba, na watu 68 wakauawa.

Julai 1963 palikuwa na viti 31. Afro-Shirazi walipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote na viti 13. Upande wa pili ulipata viti 18, na serikali. Hakuna mshindani wa ngoma aliyepata kuambiwa kwamba amepigiwa makofi mengi zaidi na hata hivyo ameshindwa. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, na mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964. Maelfu walikufa, na wengine wengi waliihama nchi.

Haitoshi kusema kwamba ushabiki ndio uliosababisha mauaji haya. Palikuwa na dhuluma ya zamani ya utumwa, palikuwa na ardhi iliyokuwa mikononi mwa wachache, na palikuwa na serikali ya kigeni iliyozoea kuwahesabu watu kwa asili zao. Lakini ushabiki ulifanya kazi yake maalumu: uliyachukua madai yaliyoweza kujadiliwa moja moja, habari ya kodi ya ardhi, ya shule, ya bei ya karafuu, ya kazi ya bandarini, ukayafungasha katika furushi moja lenye jina la chama. Furushi likishafungwa halijadiliwi. Hushinda au hushindwa zima. Mtu wa Hizbu aliyekubaliana na Afro-Shirazi juu ya maskwota hakuwa na mahali pa kusimama, na mtu wa Afro-Shirazi aliyeogopa maneno ya nasaba alionekana msaliti.

Sababu

Yaliyotangulia yawezesha sababu kadhaa zitajwe kwa mpango. Ya kwanza ni kwamba mwanadamu hupenda kuwa wa upande fulani, na upande humpa jina, nyimbo, rangi na ndugu kwa bei ndogo. Siasa ya hoja humpa kazi ya kusoma na mashaka ya kukosea. Si ajabu kwamba wengi huchagua la kwanza.

Ya pili ni kwamba mtu mmoja katika umati wa maelfu ajua kuwa kura yake haitageuza jambo, ila kwa nadra kama ile ya Chake Chake. Maadam hawezi kuamua matokeo, hutafuta faida nyingine, nayo ni furaha ya kushiriki. Shabiki wa mpira hafungi bao, lakini husema «tumefunga». Neno hilo dogo «tu-» ndilo mshahara wake.

Ya tatu ni ya mpango wa uchaguzi wenyewe. Uchaguzi una pande, alama, siku maalumu, waamuzi, hesabu na mshindi. Umbo lake ni la mashindano, na haifai kumlaumu mtazamaji peke yake kwa kuona mashindano mahali ambapo yamewekwa. Ndiyo maana mwaka 1965 Tanzania, ikiwa na chama kimoja bara, ilijaribu kulivunja umbo hilo: katika majimbo mengi watu wawili wa TANU walishindana, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na ilikatazwa kuomba kura kwa kabila, rangi au dini. Wapiga kura waliwaangusha wabunge wengi, hata mawaziri. Katika jambo hilo walikuwa mahakimu zaidi kuliko mashabiki. Lakini dawa ilikuwa na gharama yake: waliweza kumwondoa mchezaji, wasiweze kuiondoa timu. Palipokosa upande wa pili, ushabiki ulipungua, na swali la nani atawale nalo likafungwa.

Ya nne, na pengine ndiyo kubwa, ni kuongezeka kwa watazamaji na kupungua kwa wachezaji. Beni na lelemama zilikuwa mashindano yenye wachezaji wengi na watazamaji wachache. Mkutano wa hadhara wenye vipaza sauti, na kisha redio na televisheni, ulikuwa na wachezaji wachache na watazamaji wasiohesabika. Hapo ndipo urithi ulipoharibika. Watu walirithi hamasa ya ngoma pasipo kurithi daftari lake la michango, baraza lake la usiku, na jeneza lililobebwa kwa zamu. Waliulizwa wapige kelele tu. Na mtu aombwaye kelele peke yake hutoa kelele peke yake.

Baada ya 1992

Tanzania ilirudisha vyama vingi mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa zama hizo ukafanywa 1995. Visiwani pande mbili zilionekana tena karibu sawa sawa, na kila uchaguzi ukaleta mgogoro. Mwezi wa Januari 2001 watu kadhaa waliuawa na vyombo vya dola katika maandamano, wengi wao Pemba. Baada ya mapatano mawili yaliyovunjika, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Novemba 2009, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Kiasi cha thuluthi mbili walikubali. Uchaguzi wa mwaka ule ulipita kwa amani isiyozoeleka. Ule wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016 pasipo upande mkubwa wa upinzani, na ua ukavunjika tena.

Jambo la 2010 lastahili kuangaliwa kwa makini kuliko lipewavyo kawaida. Halikuwataka watu waache vyama vyao, wala halikuwahubiria wasishangilie. Lilibadili kitu kimoja: kile anachopoteza mwenye kushindwa. Kwa njia hiyo lilirejea kwenye hekima ya Makunduchi, kwamba mashindano yawezekana kati ya watu ambao jioni watakula pamoja, na hayawezekani kwa amani kati ya watu ambao mmoja wao atalala njaa. Lakini hekima hiyo ilikuwa na upungufu wake. Karamu ya wakubwa wa pande mbili si karamu ya mji; viongozi waweza kugawana viti juu, ilhali chini mashabiki wamebaki mashabiki, hawana kazi wala daftari.

Kwa hiyo swali la kwa nini watu hutazama siasa kama mchezo lina jibu lisilopendeza kwa wanaowalaumu. Watu hutazama kwa sababu wamewekwa mahali pa kutazama. Historia ya pwani yaonyesha kwamba watu hao hao, wenye hamasa hiyo hiyo, walipokuwa na michango ya kuhesabu, wagonjwa wa kuwatazama, kadi za kuuza na uamuzi wa kufanya, walikuwa wanachama. Mashindano hayakuwazuia kufikiri. Mara nyingine ndiyo yaliyowaleta barazani. Chama kitakacho wanachama badala ya mashabiki kina kipimo kilicho chepesi: kihesabu ni watu wangapi wana kazi ndani yake siku ambayo hakuna uchaguzi. Marini na Arinoti, pamoja na majenerali wao wa bandia, wangeweza kutoa hesabu hiyo pasipo kuona haya.